Kuhamisha Sauti za Sahani za Santuri Kwenye Kompyuta

Wengi wenu, na hasa nyinyi mliotutangulia katika shule hii, mnazo nyumbani sahani za santuri ambazo hazipigwi tena. Gramafoni imeharibika, au sindano imekwisha, au watoto wameizoea simu hata hawajui sahani huwekwaje. Basi sahani hukaa juu ya kabati, zikala vumbi mwaka hata mwaka. Katika somo hili nataka kueleza namna ya kuhamisha sauti zake kwenye kompyuta kwa vyombo vya nyumbani. Sisi wa Chama cha Muziki tumeifanya kazi hii kwa mihula miwili, tukiongozwa na mwalimu wetu wa fizikia, na hadi sasa tumekwisha kunakili sahani 58.

Neno kubwa ninalotaka msomaji alishike ni hili: kompyuta haiwezi kuhifadhi sauti ambayo sindano haikuitoa. Watu wengi huanza kwa kuuliza programu gani ni nzuri. Swali hilo ni la mwisho, si la kwanza. Kwanza ni usafi wa sahani, kisha sindano, kisha mwendo. Mambo hayo matatu yakiharibika, hakuna kompyuta itakayoyatengeneza.

Kwa nini tujisumbue?

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake mpaka Bombay, wakaimba mbele ya mashine ya kunasia sauti. Alifariki mwaka 1950, lakini sauti yake ingali inasikika kwa sababu ya sahani zile. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimnasa Mwenda Jean-Bosco akipiga gitaa mjini Jadotville, ambao siku hizi huitwa Likasi, na wimbo wake “Masanga” ukaenea mbali kwa sahani. Hapa Uganda, Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho, alinasa nyimbo na ala za makabila mengi katika miaka ya 1940 na 1950. Kazi yake imehifadhiwa London, na nakala zimerudishwa Makerere.

Hao ni watu mashuhuri, na maktaba kubwa zimewatunza. Lakini sahani ya bendi iliyopiga katika harusi ya babu yako, au ya kwaya ya parokia yenu, nani anaitunza? Zilichapwa chache, zikauzwa, zikavunjika. Huenda ile iliyo juu ya kabati lenu ndiyo iliyobaki peke yake. Na kila inapopigwa kwa sindano mbovu, inapoteza kidogo.

Aina za sahani

Sahani za zamani zaidi huzunguka mara 78 kwa dakika. Hizo ni nzito na huvunjika kama kigae, maana zimefanywa kwa sheleki, yaani utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa nchi za Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Mwaka 1948 ilitokea sahani kubwa ya vinaili, ya mwendo wa 33⅓, ambayo huitwa LP, na mwaka 1949 ikafuata sahani ndogo ya mwendo wa 45. Vinaili ni aina ya plastiki. Haivunjiki upesi, lakini hupindika ikiachwa juani au karibu na jiko.

Ukiitazama sahani utadhani ina mifuo mingi. Kwa kweli kila upande una mfuo mmoja tu, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Kuta za mfuo huo zina mawimbi madogo sana, na mawimbi hayo ndiyo muziki wenyewe. Katika sahani za stereo, zilizoanza kuuzwa mwaka 1958, kila ukuta una sauti yake: mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia.

Kusafisha

Vumbi likikaa ndani ya mfuo, sindano hulisaga juu ya kuta. Mlio wa “ta, ta” unaosikika ni wa vumbi hilo. Likisagwa mara nyingi huacha jeraha, na jeraha hilo halitoki hata ukiosha sahani siku nzima.

Sisi huosha kwa maji ya betri, yaani maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, ambayo huuzwa katika vituo vya petroli. Angalia sana usipewe tindikali ya betri badala ya maji yake. Soma maandishi ya chupa kabla ya kufungua. Katika lita moja tia tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo. Chovya kitambaa laini, kama kipande cha mahameli, kisha pangusa kwa kuufuata mfuo mviringo, wala usikate kutoka katikati kwenda ukingoni. Karatasi ya katikati isiloe. Suuza kwa maji ya betri matupu, halafu simamisha sahani juu ya kichanja cha vyombo, kivulini, mpaka ikauke kabisa.

Watu wengine hupenda kutumia spiriti. Sahani za 78 zisiguswe kamwe kwa spiriti, kwani sheleki huyeyuka ndani yake. Maseremala wanalijua jambo hili vizuri, maana ndivyo wanavyotengeneza rangi ya kung’arisha fanicha. Utakachopata si sahani safi, bali sahani iliyofutwa muziki wake.

Sindano na uzito wake

Sindano ya siku hizi ni kipande kidogo cha almasi. Ncha ya sindano ya sahani za stereo ina nusu-kipenyo cha mikroni 18 hivi, na ya sahani za 78 ina mikroni 76 hivi, yaani kubwa mara nne. Kwa hiyo sindano ya LP haifai kwa sahani ya 78. Ncha yake huzama mpaka chini ya mfuo na kuburura takataka zilizomo, badala ya kuzigusa kuta zenye muziki. Mwenye sahani za aina zote mbili hana budi kuwa na sindano mbili.

Uzito nao ni jambo la kuangalia. Sindano nyingi za nyumbani hutaka uzito wa gramu 1.5 mpaka 3; kiasi chenyewe huandikwa katika karatasi inayokuja nayo. Nimeona gramafoni ambayo mwenyewe aliweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke. Dawa hiyo ni ya siku moja na hasara yake ni ya milele, kwani sindano nzito hulima kuta za mfuo kama jembe. Lakini msidhani kwamba nyepesi sana ndiyo salama. Sindano isiyo na uzito wa kutosha hurukaruka ndani ya mfuo, ikazigonga kuta zote mbili. Fuata kiasi kilichoandikwa, usizidishe wala usipunguze. Na sindano iliyochakaa itupwe, maana bei ya sindano mpya ni ndogo kuliko hasara ya sahani isiyopatikana tena.

Kupima mwendo

Hapa hesabu za darasani zinafaa. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa meza ya gramafoni, ukahesabu mizunguko huku mwenzako akishika saa. Kwa mwendo wa 33⅓, meza lazima izunguke mara 100 katika dakika 3 kamili. Kwa mwendo wa 45, lazima izunguke mara 90 katika dakika 2. Ikiwa imezunguka mara 103 katika zile dakika 3, basi mwendo umezidi kwa asilimia 3, na sauti imepanda karibu robo ya toni. Ukizidi kwa asilimia 6, wimbo wote umepanda nusu-toni nzima. Wanakwaya watanielewa: mzee wetu wa sauti ya nne atasikika kama kijana ambaye sauti yake haijakauka. Ukinakili hivyo, wajukuu watamjua kwa sauti isiyo yake. Gramafoni nyingi zina msumari mdogo wa kurekebisha mwendo. Nyingine huhitaji mkanda mpya wa mpira.

Amplifaya ndogo

Tumesoma kwa Faraday kwamba sumaku ikitikiswa karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa. Ndivyo sindano inavyofanya kazi: mawimbi ya mfuo huitikisa, nayo hutikisa sumaku ndogo iliyo karibu na koili. Lakini umeme huo ni mdogo mno, yapata milivolti 5 tu, na kompyuta hutaka mamia ya milivolti. Kwa hiyo lazima pawe na amplifaya ndogo katikati.

Tena amplifaya hiyo haikuzi tu. Fundi anapochonga sahani hupunguza sauti za chini kwa makusudi, kwa sababu mawimbi yake ni mapana. Yangeachwa hivyo, mfuo ungekula nafasi yote na sindano ingeruka. Sauti za juu naye huziongeza, ili zishinde mkwaruzo wa sahani yenyewe. Zamani kila kiwanda kilikuwa na kipimo chake, lakini mwaka 1954 chama cha watengenezaji wa sahani wa Marekani, RIAA, kiliweka kipimo kimoja, na viwanda vingi vikakifuata. Kwa kipimo hicho, sauti ya mitikisiko 20 kwa sekunde hupunguzwa karibu desibeli 20, na ile ya mitikisiko 20,000 huongezwa karibu desibeli 20. Kazi ya amplifaya ndogo ni kuyarudisha yote kama yalivyokuwa mbele ya mwimbaji.

Sasa utaelewa kwa nini mtu akichomeka gramafoni moja kwa moja katika tundu la maikrofoni la kompyuta hupata sauti nyembamba, kali, isiyo na besi. Vilevile gramafoni nyingine mpya zina amplifaya hiyo ndani, na nyuma yake pana swichi yenye maneno PHONO na LINE. Ikiwa swichi iko kwenye LINE, amplifaya ya ndani inafanya kazi, basi usiongeze nyingine ya nje. Na ukisikia mvumo wa “mmm” usiokoma, tafuta waya mwembamba wa ardhi unaotoka nyuma ya gramafoni, ukaufunge kwenye amplifaya. Mara nyingi mvumo hunyamaza hapo hapo.

Kompyuta huhesabu

Wimbi lililo ndani ya mfuo halina mkato. Kompyuta haijui wimbi. Inajua namba tu. Kwa hiyo hulipima wimbi mara nyingi kila sekunde, na kuandika kila kipimo kama namba. CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, zina vipimo 44,100 kwa sekunde kwa kila upande. Sababu yake ni hii: sikio zuri la kijana husikia mpaka mitikisiko 20,000 kwa sekunde, na ili wimbi liweze kurudishwa kamili lazima lipimwe zaidi ya mara mbili ya mitikisiko yake. Kila kipimo cha CD huandikwa kwa biti 16, yaani huchaguliwa kati ya ngazi 65,536.

Kwa kazi ya kuhifadhi, wataalamu wa hazina za sauti hupendekeza vipimo 96,000 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 24. Tupige hesabu ya nafasi. Biti 24 ni baiti 3. Basi 96,000 mara 3 mara pande 2 ni baiti 576,000 kwa sekunde, au 34,560,000 kwa dakika. LP ya dakika 40 itachukua karibu gigabaiti 1.4. Flashi ya gigabaiti 32 itabeba LP zaidi ya 20. Si mzigo mkubwa kwa siku hizi.

Sisi tunatumia kisanduku kidogo cha sauti kinachochomekwa katika tundu la USB, na programu ya Audacity, ambayo hupatikana bila malipo. Kabla ya kunasa, piga sehemu ya wimbo yenye kelele nyingi kuliko zote, ukitazama mistari ya kipimo cha sauti. Rekebisha mpaka kilele kifike karibu na desibeli 6 chini ya sifuri. Juu ya sifuri kompyuta haina namba tena, na kila kinachozidi hukatwa. Maji yakimwagika hayazoleki: kilele kilichokatwa hakirudi kwa programu yoyote. Kisha shusha sindano, nasa upande mzima bila kusimamisha, tangu ule mkwaruzo wa mwanzo kabla ya wimbo mpaka sindano ifike mwisho.

Mikwaruzo, na nakala isiyoguswa

Programu zina njia za kuondoa milio ya vumbi na mkwaruzo. Zitumike kwa kiasi. Katika sahani moja ya 45 yenye ndingidi na ngoma, mwenzangu mmoja aliondoa mkwaruzo wote mpaka kimya kikawa kimya kabisa. Lakini pamoja na mkwaruzo ilikwenda pia pumzi ya mwimbaji na ule ukali wa upinde juu ya uzi. Ndingidi ikasikika kama inapigwa ndani ya gudulia. Hatukupoteza kitu, kwa kuwa faili la kwanza tulikuwa tumelihifadhi kando bila kuliguza.

Hiyo ndiyo kanuni ya kazi. Faili kama lilivyotoka kwenye sindano lihifadhiwe kwa WAV au FLAC, wala lisibadilishwe kamwe. Marekebisho yafanywe katika nakala nyingine. MP3 ni ndogo na inafaa kupelekea watu kwa simu, lakini hupata udogo wake kwa kutupa sehemu za sauti. Kwa hiyo isiwe ndiyo nakala pekee. Na nakala za kuhifadhi ziwe mbili, zikae katika nyumba mbili tofauti, kwa maana mwizi na radi havibishi hodi. Sahani yenyewe nayo isitupwe. Huenda miaka 20 ijayo kukapatikana sindano bora kuliko hii yetu.

Majina

Sauti isiyo na jina ni kama mtoto yatima. Kila tunaponakili sahani tunaandika katika daftari, na tena ndani ya faili lenyewe, mambo haya: jina la mwimbaji, jina la wimbo, jina la kiwanda, namba iliyo kwenye karatasi ya katikati, na namba iliyochongwa juu ya vinaili karibu na karatasi hiyo. Tunaandika pia aliyetuletea sahani, sindano tuliyotumia, na tarehe. Faili linaloitwa “wimbo 01” halimsaidii mtu yeyote.

Katika kabati la chumba cha muziki tulikuta sahani moja ya 45 ya kwaya ambayo karatasi yake ilikuwa imeliwa na mende. Tuliinakili, lakini hatukuwa na la kuandika. Siku ya wazee waliosoma hapa, mzee mmoja aliyekuwa mwanafunzi katika miaka ya 1960 aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akaomba irudiwe. Kisha akataja waimbaji watano, mmoja baada ya mwingine, kwa kuzitambua sauti zao tu: huyu alikuwa wa kwanza, huyu wa tatu, na huyu anayeanzisha ubeti ni fulani. Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa akishika nyaya akanyanyua uso, maana jina la mwisho lilikuwa la babu yake, ambaye alifariki kabla yeye hajazaliwa. Nyumbani kwao walikuwa na picha mbili za mzee huyo, lakini sauti yake hawakuwa nayo. Siku ile aliondoka nayo.

Sindano yetu ingeweza kutoa sauti ile wakati wowote. Lakini yale majina matano yalikuwa kichwani mwa mzee mmoja tu.

Haki za wenye nyimbo

Huenda mtu akauliza: je, tukiisha nakili, tuziweke nyimbo hizi kwenye intaneti kila mtu azisikie? La, si bila kuuliza. Uganda ina sheria ya mwaka 2006 inayolinda haki za watungaji na waimbaji, na haki hizo hazifi siku mtu anapofariki. Jamaa zake huzirithi. Kuhifadhi ni kitu kimoja, na kutangaza au kuuza ni kitu kingine. Sisi humpa mwenye sahani nakala yake, twaweka moja katika maktaba ya shule, na hatuendi mbali zaidi mpaka tupate ruhusa.

Ombi kwa wazee wetu

Wazee wetu, msiwape watoto sahani wazichezee, wala msizitupe kwa kuwa gramafoni imekufa. Zisimamisheni wima kama vitabu, mbali na jua, wala msizilaze moja juu ya nyingine. Chama chetu hufanya kazi kila Jumamosi mchana katika chumba cha muziki. Atakayeleta sahani atarudishiwa sahani yake ikiwa safi, pamoja na nakala yake. Lakini tunawaomba mje wenyewe, msizitume tu kwa dereva. Keti nasi nusu saa usikilize, utuambie ni nani anayeimba na ilikuwa wapi. Sisi tunazo sindano na kompyuta; majina mnayo nyinyi.